Nimeambiwa nisiendeshe gari tena na nina miaka 46 tu. Mliopitia hili mlifanyaje?

Usukani_Mstaafu

Wakuu habari zenu. Hii post nimeiandika nikaifuta mara tatu, kwa hiyo kama imekaa hovyo nivumilieni.

Gari nimeanza kuendesha nikiwa na miaka 21, piga hesabu ni miaka 25 hiyo, na sijawahi kumgonga mtu. Siwafichi, hicho ndo kitu nilikuwa natambia kuliko hata kazi yangu. Sasa huu ni mwezi wa tatu sijagusa usukani na sitaugusa tena.

Ilianza na watu "wanaochomoka". Ndivyo nilivyokuwa nasema nikirudi nyumbani, leo kuna jamaa wa pikipiki kachomoka sijui katoka wapi, kesho kuna mama kachomoka na mtoto mkononi, keshokutwa baiskeli. Nikawa naona dunia nzima imepoteza adabu barabarani. Saitimira ya kushoto nimebadilisha mara mbili ndani ya mwaka, ya pili niliigonga kwenye geti la nyumbani nikasema fundi alijenga geti jembamba, geti ambalo nimelipita miaka 11.

Hospitali nilienda kutafuta miwani ya kusomea, basi. Kile kibao cha herufi nilisoma mpaka mstari wa chini kabisa nikajiona mwamba. Wakanipeleka kwenye mashine nyingine, unaweka kidevu, unatazama ndani ya kitu kama bakuli jeupe, macho unayakaza katikati halafu vitaa vidogo vinawaka huku na huku, ukiona kimoja unabonyeza kitufe. Ikafika mahali muda mrefu hamna kitu, nikamwambia yule binti dada mashine yako imezima. Akanijibu kwa upole tu, haijazima baba, wewe endelea kuangalia katikati.

Daktari alivyoona karatasi hakuanza na ugonjwa. Aliniuliza umekuja na nani, nikasema peke yangu. Kwa usafiri gani? Gari langu liko hapo nje. Akakaa kimya anaandika andika, halafu akasema mpigie mtu aje alichukue.

Ni presha ya macho, wengine wanaita glakoma. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekufa sehemu kubwa, macho yote mawili, na kilichokufa hakirudi, matone ninayoweka ni ya kulinda kilichobaki. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba huoni giza pembeni. Ningeona giza ningestuka mapema! Ubongo unapachika pachika pale pasipoonekana unaona barabara iko sawa kabisa, nyeupe, haina mtu, kumbe mtu yupo. Hao watu wote waliokuwa wanachomoka walikuwa wanatembea zao taratibu tangu mwanzo.

Hiyo ndo inayoninyima usingizi, sio gari.

Lakini gari nalo jamani. Sasa hivi naendeshwa na mama watoto, nimekaa siti ya abiria mguu wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Nikitaka kutoka lazima niseme naenda wapi, na nani, narudi saa ngapi, mtu mzima mimi. Watu wananiambia "si utachukua teksi tu" kama vile nimepoteza mwamvuli.

Mliopitia hili mlifanyaje? Na gari mlilifanyaje?

Mguu_wa_Kuazima

Pole sana kaka. Mimi nilikatwa mguu wa kulia juu ya goti baada ya ajali, na mwaka mzima niliamini nimemaliza kuendesha maana kila mtu aliniambia hivyo na mimi sikuuliza mtu anayejua. Kumbe kuna mtambo wa mkono, wenzo unafungwa pembeni ya usukani, ukiusukuma ni breki ukiuvuta ni mafuta. Kuna pia pedeli ya mafuta inayohamishiwa upande wa kushoto. Gari lazima liwe otomatiki, na ufundishwe upya, wiki za mwanzo nilikuwa naendesha kama mwanafunzi mwenye alama ya L. Leo naendesha.

Sikuambii haya kukupa matumaini ya uongo, macho yako ni kesi nyingine. Nasema kwa wengine watakaosoma huu uzi: kabla hujazika leseni hakikisha imekufa kweli. Mjomba wangu aliacha kuendesha miaka miwili sababu ya ukungu machoni, alipopelekwa kupimwa ni mtoto wa jicho, wakamfanyia upasuaji jicho moja halafu la pili, anasoma vibao kuliko mimi.

Lami_ni_Kwetu

Mkuu usikuze mambo. Mimi nina jicho moja tangu nikiwa kijana, naendesha mwaka wa 20 huu na sijaua mtu. Madaktari wanapenda kutisha watu. Geuza shingo, punguza spidi, acha kuendesha usiku, maisha yanaendelea.

Usukani_Mstaafu

Mzee wangu shikamoo. Nilitamani sana uwe sahihi, hata mimi nilienda kwa daktari wa pili nikitegemea aseme hivyo hivyo.

Jicho moja zima linaona upana wa kama nyuzi 150 hivi. Macho mawili mazima ni karibu 180. Uingereza na nchi za Ulaya kwa gari dogo wanataka angalau 120, ndo maana watu wengi wa jicho moja wanaruhusiwa na sina ugomvi na leseni yako. Mimi kwa macho yote mawili nimebakiwa na nyuzi kama 50. Na hiyo ya kugeuza shingo nilishaijaribu bila kujua, ndo nilikuwa naifanya miaka yote hiyo. Ukigeuka kulia wa kushoto anapotea. Gari kwenye kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kwa sekunde moja, sasa nigeuke kulia sekunde moja, kushoto sekunde moja, hapo katikati nimeshapita mita 28 na mtoto wa watu.

Lami_ni_Kwetu

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Nilidhani ni uoga tu. Pole mwanangu.

Nahesabu_Miezi

Habari, mimi ni dada wa miaka 31, nina kifafa, kilinianza ukubwani. Ya kwangu ni tofauti kidogo maana mimi naweza kurudi barabarani, na sijui kama hiyo ni afadhali au ni mateso zaidi.

Nchi nyingi wanakutaka ukae bila kuanguka muda fulani, sehemu nyingine miezi 6, Uingereza kwa mfano ni miezi 12 kwa gari dogo, na kwa malori makubwa huko ni miaka 10 bila kuanguka na bila dawa. Mimi natakiwa mwaka. Nilifika mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa jamani, nimeshaosha gari, nikaanguka bafuni asubuhi moja sababu usiku wake sikulala vizuri. Nikarudi sifuri. Ni kama ludo, kete imebakiza hatua mbili iingie nyumbani inaliwa inaanza upya. Leo ni mwezi wa tano wa duru ya pili.

Kilichonisaidia ni kuacha kuhesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, niliitoa. Maana kila mgeni anayeingia anauliza umebakiza mingapi, na ukiwaambia umeanza upya wanakutazama kama umefeli mtihani.

Mpita_Njia_Tu

Dada mimi hali kama yako. Sikufichi huwa naendesha tu, dawa nakunywa kwa wakati, mwezi wa nne sijaanguka, na huwa naijua ikija inanipa dalili. Kazi yangu bila gari hailiki. Hawa wanaoweka sheria hawajui njaa.

Nahesabu_Miezi

Kaka nimesoma hii nikaweka simu chini nikatembea kidogo ili nisikujibu vibaya.

Hiyo dalili unayosema, mimi pia nilikuwa nayo, harufu fulani kama waya unaungua. Siku ya bafuni haikuja. Ilikuwa inakuja siku zote halafu siku moja haikuja, basi. Nilipasuka kidevu kwenye sinki, nyuzi sita. Sasa chukua hilo sinki uweke kituo cha basi saa moja asubuhi.

Njaa naijua. Mimi niliomba kazini wanihamishie kitengo cha ndani, mshahara ukapungua, nikalia choo cha ofisi wiki nzima. Lakini niliomba. Wewe umeshawaambia kazini au ni siri?

Mpita_Njia_Tu

Siri.

Binti_wa_Kwanza

Samahani naingia na la kwangu, sio mimi ni baba. Ana miaka 79, kumbukumbu imeanza kuchuja, daktari ameshataja ugonjwa wenyewe ila nyumbani hatulitamki hilo jina. Mwezi uliopita alitoka kwenda sehemu anayoenda kila wiki akapatikana saa nne baadaye mji mwingine kabisa amepaki pembeni ya barabara, taa zinawaka, anasubiri, anasema alikuwa anasubiri foleni ipungue. Hakukuwa na foleni.

Mdogo wangu akaficha funguo. Baba akazitafuta siku tatu, akapekua mpaka ndani ya unga, halafu akagundua. Sasa haongei na mimi wiki ya tatu, mimi ndo mkubwa anaamini ni mimi. Anakula, anasali, anasalimia wajukuu, mimi nikiingia anatazama ukutani.

Usukani_Mstaafu

Dada yangu, nikuambie kutoka upande wa anayenyang'anywa. Mimi niliambiwa usoni, na daktari, karatasi mezani. Niliumia lakini sikudharaulika. Kama mama watoto angenificha funguo nikazitafuta siku tatu nadhani mpaka leo tungekuwa tunaongea kwa kupitia watoto.

Mrudishie zile funguo mkononi, gari litolewe kitu kimoja lisiwake kama mnaogopa, halafu mpeleke kwa daktari wake na daktari ndo aseme, sio nyie. Amwandikie kabisa kwenye karatasi. Mzee atagombana na karatasi badala ya kugombana na mwanae. Na kwa vile anasahau, karatasi itamkumbusha bila mtu kurudia kuwa mbaya kila asubuhi.

Nahesabu_Miezi

Naongezea hapo. Kuna swali nilisikia mtu anamuuliza mama yake mzee: ungekubali wajukuu wako wote wapande gari ukiwa unaendesha wewe? Yule mama alifikiri muda mrefu akasema hapana. Sio kila mzee litamfaa hilo swali, mwingine atasema ndio na utakuwa umejifunga.

Mguu_wa_Kuazima

Hata wakubwa wa dunia yanawakuta. Prince Philip, mume wa marehemu Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, Januari 2019 gari lake liligongana na gari jingine karibu na Sandringham likapinduka, mzee ana miaka 97. Wanawake wawili wa lile gari jingine waliumia, mmoja alivunjika mkono, na ndani mlikuwa na mtoto mchanga ambaye hakudhurika. Mwezi uliofuata akasalimisha leseni mwenyewe. Mtu ana madereva wa kumwendesha na bado hakuiachia leseni mpaka ajali itokee, sasa wewe unamshangaa baba yako.

Japani wao waliweka utaratibu tangu 1998 mzee anairudisha leseni kwa hiari, halafu anaweza kuomba cheti kinachoonyesha aliwahi kuendesha, anakitumia kama kitambulisho. Nilivyosoma hiyo nikasema hawa wameelewa. Mzee harudi nyumbani mikono mitupu.

Binti_wa_Kwanza

Hiyo ya cheti imenigusa mahali. Baba leseni yake ya kwanza ameiweka kwenye bahasha na vyeti vya ndoa.

Chuma_Kipya

Kwani mnalia nini si mnunue gari linalojiendesha? Teknolojia imeshafika hiyo

Usukani_Mstaafu

Wiki ya kwanza sikulala, nilikuwa nasoma hayo tu usiku kucha. Kuna bwana anaitwa Steve Mahan wa Marekani, haoni, mwaka 2015 kule Austin alipanda gari la majaribio la Google peke yake, gari halina usukani wala pedeli, likamzungusha mtaani. Hiyo video ya mtu asiyeona kakaa peke yake kwenye gari nimeitazama sijui mara ngapi. Na miji kama Phoenix na San Francisco kuna teksi za Waymo zisizo na dereva unaita kwa simu, hizo ni kweli zipo.

Ila magari ambayo mtu unanunua unapaki kwako, yale ya usukani unaojigeuza, bado yanataka mtu mwenye leseni amekaa macho tayari kushika. Yaani yananitaka mimi niangalie pembeni. Asante lakini.

Chuma_Kipya

Daah sikujua hiyo, nisamehe mkuu

Sijui_Nianze_Wapi

Nimekuwa nasoma tu kimya. Nilipata kiharusi mwaka jana, mkono na mguu umerudi karibu wote nashukuru, lakini upande wa kushoto wa picha umekatika, macho yote mawili, yaani kwenye sahani nakula nusu nasema nimemaliza mke wangu anaizungusha. Kuendesha wamenikataza. Swali langu kwa mleta uzi, wewe hasira umezipeleka wapi? Mimi nagombana na kila mtu. Nagombana na watu wa msaada.

Usukani_Mstaafu

Ndugu yangu umeuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa. Ngoja niseme yote, itakuwa ndefu.

Mimi hasira nilizipeleka kwa dereva wangu, yaani mke wangu. Mwezi mzima wa kwanza kila akiwasha gari naanza. Weka endiketa. Umebana sana. Huyo mpite. Mbona unashika breki huku gia iko juu. Na kibaya zaidi nilikuwa najiona namsaidia, miaka 25 ya uzoefu namgawia bure. Siku moja tunatoka hospitali kuchukua matone, nikamwambia ungekuwa unaangalia vioo vyako kama mimi. Akaweka endiketa, akasogea pembeni vizuri kabisa, akazima gari, akachomoa funguo akaniwekea mapajani. Hakusema neno. Tukakaa hapo. Magari yanapita. Nadhani ni dakika kumi lakini sikuwa naangalia saa, nilikuwa naangalia funguo.

Nikamrudishia. Nikamwambia samahani. Akasema "mimi pia nimepoteza, nilikuwa na mtu wa kuniendesha nikichoka." Hilo sikuwa nimeliwaza hata sekunde. Kwa akili yangu msiba ulikuwa wangu peke yangu na wengine wote ni waombolezaji.

Tangu siku hiyo tumegawana kazi. Yeye anaendesha. Mimi nashika ramani, simu, chenji, na muziki. Kuhusu barabara naongea nikiulizwa. Mguu bado unakanyaga breki, huo siuwezi, ila mdomo nimeudhibiti kiasi.

La pili ni kuomba. Nilichogundua ni kwamba kinachomchosha mtu ni lifti ya ghafla, ile ya "samahani unaelekea wapi, unaweza kunipitisha". Ukiomba hivyo kila siku unakuwa mzigo hata kwa anayekupenda, na wewe mwenyewe unaanza kuacha kwenda ili usiombe, mwisho unajikuta umekaa ndani wiki nzima unasema umechoka. Mimi mwezi wa kwanza nilikataa harusi moja, kikao kimoja na mazishi ya mtu niliyesoma naye, yote nikasema naumwa kichwa. Sikuumwa kitu.

Sasa hivi nina daftari. Jumapili jioni naandika safari zote za wiki, zipi naenda kwa miguu, zipi basi, zipi nalipia teksi, zipi namwomba mtu, na huyo mtu namwambia siku tatu kabla, saa na dakika, kwenda na kurudi. Jirani yangu anaenda upande wa kazini kwangu siku mbili kwa wiki, nachangia mafuta na nimemlazimisha apokee. Alikataa mwanzo, nikamwambia usipopokea sipandi. Kuna tofauti kubwa kati ya abiria na mtu aliyehurumiwa, hata namna unavyofunga mlango ni tofauti.

Hela ya teksi ilikuwa inaniuma sana, naona ni anasa. Mpaka nikakaa nikajumlisha gari lilikuwa linakula nini kwa mwaka: mafuta, bima, servisi, matairi, leseni, na zile saitimira. Nikagawanya kwa miezi 12, ile hela kila mwezi naitenga kabla ya kitu kingine chochote, ni hela ya kutembea tu. Nikiita teksi natumia hela ya gari, sijavuja. Mwezi uliopita ilibaki.

Basi lilinitisha. Sio kwa sababu ya basi, kwa sababu ya kuonekana na watu wanaonijua. Na kiusalama pia maana mtu akikaa pembeni simwoni namkanyaga, nimeshatukanwa sana na kina mama. Daktari ananishauri fimbo nyeupe. Nimeinunua, inakunjwa, iko kwenye begi. Nimeifungua mara mbili tu, zote usiku mahali nisipojulikana, na zote mbili watu walipisha. Mchana bado. Msiniulize kwa nini, najua haina mantiki.

Ambacho sijapata mbadala ni upweke wa gari. Ule muda wa kurudi kazini, umefunga vioo, redio chini, hamna anayekuita baba wala bosi. Nusu saa. Kile kilikuwa chumba changu. Kwenye basi mtu anaweza kuwa peke yake ila sio vile.

Ndo hivyo ndugu yangu wa kiharusi. Hasira bado zipo ila sasa nazijua zikitoka. Na kama unaona hulali, huli, hutaki mtu, mwambie daktari wako kabisa usiseme ni gari tu. Wazee wanaoacha kuendesha wamefanyiwa utafiti mara nyingi na sonona inawaandama kuliko wenzao wanaoendelea, sasa sisi ambao hata uzee hatujafika usidhani tuna ngozi ngumu.

Sijui_Nianze_Wapi

Nimemsomea mke wangu hiyo ya funguo mapajani. Amecheka mpaka akatoa machozi, halafu akaondoka chumbani. Nadhani nina kazi ya kufanya.

Mpita_Njia_Tu

Nimewaambia kazini leo. Kwa meseji, sikuweza uso kwa uso. Bosi hajajibu bado, imeshasomwa.

Nahesabu_Miezi

Niko hapa kaka. Akijibu njoo useme, hata usiku.

Binti_wa_Kwanza

Mrejesho na mimi. Tulienda kwa daktari, akaandika. Baba akaisoma mara mbili akaikunja akaweka mfuko wa shati. Kwenye gari akauliza nani anaendesha, nikasema mimi, akasema funga mkanda kwanza. Ndo neno la kwanza wiki nne. Jana ameniuliza tena funguo ziko wapi, nikamwonyesha karatasi, akakasirika upya kama ndo anaisoma leo. Kwa hiyo sijui. Tunaenda hivyo hivyo.

Lami_ni_Kwetu

Mleta uzi hujajibu swali lako mwenyewe, gari ulilifanyaje? Uliuza?

Usukani_Mstaafu

Nilijua mtu ataliuliza tu.

Sijauza. Mama watoto analo la kwake dogo, ndo tunalotumia. Langu liko chini ya mti nimelifunika. Jumamosi huwa naenda nakaa ndani, nafungua redio, nakaa kama nusu saa natoka. Watoto wanajua wasinifuate. Wateja wamekuja wawili, wa kwanza nikampa bei ya kumfukuza, wa pili alikuwa kijana mzuri tu, nikamwambia limeshapata mtu.

Jumamosi hii nimeingia redio haijawaka. Betri imekufa.

Lami_ni_Kwetu

Redio bila kuwasha injini lazima ife hata betri iwe mpya, na gari likikaa hata ukizima kila kitu saa na alamu vinakula taratibu. Chomoa terminali ya negativu, ile nyeusi yenye alama ya kutoa, ianze hiyo kuchomoka na iwe ya mwisho kurudi. Jaza matairi upepo kidogo zaidi na ulisogeze hata nusu mzunguko kila baada ya wiki kadhaa yasilalie upande mmoja. Na hiyo turubai iwe inafunuliwa, unyevu unakula rangi. Ila mwanangu, gari sio la kukaa chini ya mti.

Usukani_Mstaafu

Najua mzee wangu.

Nimechomoa leo, spana namba 10, dakika mbili. Betri nimeipeleka kuchajiwa. Kuhusu kulisogeza, nilimwomba yule jirani aje Jumapili alisogeze nusu mzunguko, akasema atakuja na mdogo wake, anatafuta gari. Nimemwambia saa nne asubuhi.

Lami_ni_Kwetu

Bei umemwambia?

Usukani_Mstaafu

Bado. Nimemwambia saa nne.